Kujiandaa na hali ya hewa ya London: mwezi wa kwenda, nguo za kufunga na namna ya kuipanga siku

Wageni wengi wanaotoka kwetu kwenda London hujiandaa kwa theluji. Wananunua jaketi zito kuliko yote sokoni, kisha wanafika na kukuta nyuzi 9, manyunyu yasiyokatika, upepo unaopenya shingoni, na giza limeingia hata saa kumi na moja haijafika. Theluji London huonekana siku chache tu kwa mwaka, na mara nyingi huyeyuka ikigusa lami. Vinavyomharibia mgeni safari ni unyevu, upepo na urefu wa mchana. Ukijipanga kwa hivyo vitatu, baridi yenyewe utaimudu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Tukisema saa 9:53 alasiri, simu yako kule itaonyesha 15:53.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

London iko nyuzi 51.5 kaskazini ya ikweta, mbali sana kuelekea juu, lakini upepo wake mwingi hutoka magharibi, juu ya bahari ya Atlantiki yenye maji ya vuguvugu. Ndiyo sababu baridi yake si ya kuua na joto lake kwa kawaida si la kuunguza. Upepo huohuo hubeba mawingu, tena huyabadilisha haraka. Asubuhi ya jua kali inaweza kuzaa mchana wa mvua na jioni ya jua tena.

Wastani wa kupangia safari ni huu. Januari, mchana hufika karibu nyuzi 8 na usiku hushuka hadi 2 au 3. Aprili mchana ni karibu 15, usiku 6. Julai ni 24 na 14. Oktoba ni 16 na 9. Kwa aliyezoea Nairobi, usiku wa Julai wa London una joto kidogo kuliko usiku wa Julai wa Nairobi. Kwa wa Mombasa au Dar es Salaam, hakuna mwezi hata mmoja wa kwenda bila sweta.

Mvua ina sifa mbaya isiyolingana na kiasi chake. London hupata karibu milimita 600 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Tofauti iko kwenye mgawanyo: zile 600 zimesambazwa kwenye siku kama 110 katika miezi yote kumi na miwili. Hakuna masika ya kuyakwepa wala kiangazi cha kukitegemea. Mvua yenyewe mara nyingi ni ya rasharasha, ya dakika ishirini au ya mchana kutwa, na watu huendelea na shughuli zao humohumo.

Kama ratiba iko mikononi mwako, chagua katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, au Septemba. Mei na Juni mchana ni mrefu mno na bustani ziko kwenye ubora wake. Septemba joto bado lipo, shule zimefunguliwa, na msongamano wa likizo umepungua. Julai na Agosti ni miezi ya joto zaidi, lakini ndiyo ya likizo za shule na bei za juu, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Novemba hadi Februari nenda kama una sababu: masomo, ndugu, kazi, au mapambo ya Krismasi unayoyataka kweli. Jambo moja la kujua kuhusu Krismasi: tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi na mabasi ya jiji hayatembei kabisa. Usipange kutua wala kuruka siku hiyo bila kujua nani atakuendesha.

Machi na Aprili ndiyo miezi inayodanganya watu. Picha za maua ya micheri zinakuja, mgeni anafunga magauni mepesi, kumbe usiku unashuka hadi nyuzi 4 au 5. Tazama mbio za London Marathon, zinazofanyika Aprili na ambazo Wakenya wamezishinda mara nyingi. Mwaka 2018, Eliud Kipchoge aliposhinda, joto lilifika nyuzi 24.1, kubwa kuliko mwaka wowote wa mbio hizo kabla yake. Mwaka 2023 marehemu Kelvin Kiptum alishinda kwa muda wa saa 2, dakika 1 na sekunde 25 kwenye barabara iliyolowa mvua. Mwezi mmoja, wiki ileile ya mwezi, hali mbili zisizofanana. Anayesafiri Aprili afunge kwa ajili ya zote mbili.

Hatua ya 2: Andika saa za mchomozo na machweo kwenye ratiba

Hili ndilo watu wa ikweta tunalolisahau, maana kwetu jua halibadilishi desturi yake. London hubadilika hivi:

Tarehe 21 Desemba: jua huchomoza saa 2:04 asubuhi, huzama saa 9:53 alasiri.
Tarehe 20 Machi: saa 12:04 asubuhi hadi saa 12:14 jioni.
Tarehe 21 Juni: saa 10:43 alfajiri hadi saa 3:21 usiku.
Tarehe 22 Septemba: saa 12:46 asubuhi hadi saa 12:59 jioni.

Kati ya hapo mabadiliko ni ya kasi. Mwezi Machi na Septemba mchana huongezeka au kupungua karibu dakika 4 kila siku, yaani ukikaa wiki mbili utakuwa umepata au kupoteza karibu saa nzima.

Kwa safari ya Desemba au Januari, panga hivi: mambo ya nje yawe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Daraja la Tower, mabustani, matembezi ya kando ya mto Thames, picha, vyote viingie humo. Kuanzia saa tisa na nusu ingia ndani. British Museum, makumbusho ya historia ya viumbe ya South Kensington na Tate Modern hazina kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu, na British Museum siku ya Ijumaa huchelewa kufunga hadi saa 2:30 usiku. Kosa la kawaida ni kinyume chake: mtu anaamka saa tatu, anaingia makumbusho nuru ikiwepo, anatoka saa kumi na moja kwenda kuangalia bustani ya Hyde Park gizani.

Kwa safari ya Juni, tatizo ni usingizi. Nuru huanza kupenya dirishani saa kumi alfajiri na chumba kikiwa na pazia jepesi utaamka nayo. Funga kitambaa cha kufunika macho. Mwenye watoto aamue saa ya kulala kwa saa ya ukutani, kwa sababu mtoto akisubiri giza atalala saa nne usiku.

Saa yenyewe hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku inakuwa saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa nane usiku inarudishwa kuwa saa saba. Majira ya baridi London iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa tatu. Majira ya joto ni saa mbili. Kwa Kigali, Bujumbura na Bukavu ni saa mbili kisha moja, na kwa Muscat nne kisha tatu. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijirekebishi, na hapo ndipo watu wanapokosa ndege.

Kwa Mwislamu jambo hili ni zito zaidi. Mwishoni mwa Desemba adhuhuri huingia karibu saa sita, alasiri kabla ya saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi. Sala tatu ndani ya saa nne, na ukiwa kwenye treni moja itakupita. Majira ya joto ni kinyume: kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai anga haliingii giza kamili usiku kucha, kwa hiyo misikiti hutumia hesabu tofauti kwa isha na alfajiri. Chukua ratiba ya msikiti ulio karibu na unapokaa na uifuate hiyohiyo siku zote. Ratiba nyingine huandika alasiri mbili. Ile ya mapema ndiyo inayolingana na Kishafii cha pwani yetu.

Hatua ya 3: Funga nguo za tabaka, anza na viatu

Jaketi moja zito juu ya fulana ni mpango mbovu. Nje utatetemeka mikono na miguu, na ukiingia dukani au kwenye treni, ambako joto ni nyuzi 20 na zaidi, utatoka jasho. Jasho likipoa nje ndilo linaloleta baridi ya mwilini. Vaa vitu vitatu vinavyovulika haraka.

La ndani kabisa ni fulana ya mikono mirefu inayobana, ya sufu au ya polista. Pamba acha kwa siku za joto, kwa sababu ikilowa haikauki na inakugandishia mgongo. La kati ni sweta la sufu au la manyoyamanyoya. La juu ni koti lisilopitisha maji wala upepo, lenye zipu, linalofika mapajani, na lenye kofia yake ya kufunika kichwa. Unapolijaribu dukani, livae juu ya sweta. Koti linalokukaa vizuri juu ya shati litakubana ukifika.

Kabla hujanunua London, pita mitumba ya nyumbani. Gikomba, Kongowea na Karume huwa na makoti ya baridi yaliyotoka Ulaya, na bei yake huwa nzuri kwa sababu wateja wake ni wachache. Kagua vitu vinne: zipu ipande hadi mwisho bila kukwama, mishono ya mabegani isiwe imeachia, vifungio vya mikono vifanye kazi, na mjazo usiwe umejikusanya chini. Kisha mwagia kijiko cha maji begani. Yakiteleza, nunua. Yakinywewa na kitambaa, koti hilo ni la baridi kavu na London litakulowanisha.

Viatu ndivyo vinavyoamua siku. Mgeni wa London hutembea kilomita nyingi kuliko anavyodhani, kwenye vigae vyenye maji. Chukua kiatu cha kufunika kifundo au raba ya ngozi, chenye soli ya mpira yenye meno, kilichozidi kidogo ili soksi nene iingie. Kitembelee wiki mbili nyumbani kabla ya safari. Kiatu cha ngozi chenye soli laini ya kazini kitakuangusha asubuhi ya barafu. Soksi beba jozi za kutosha kubadilisha mchana: soksi ikilowa, mwili mzima hupoa.

Kuanzia Novemba hadi Machi ongeza mzula, glavu na skafu. Vitu hivi vitatu vina uzito mdogo na vinafanya kazi kuliko sweta la pili, kwa kuwa upepo huingilia shingoni na mikononi. Nyuzi 5 zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unazihisi kama sifuri.

Kwa wanaovaa buibui au kanzu: ndani vaa suruali ya kubana ya kuhifadhi joto, na pindo lipunguzwe lisiguse chini. Pindo likishanyonya maji ya barabarani linapanda hadi magotini na halikauki hadi usiku. Mtandio wa kitambaa kizito kidogo, wenye pini imara, utavumilia upepo wa kwenye madaraja.

Mwavuli wa kukunja beba, ila usiutegemee. Kwenye kona za majengo marefu na juu ya mto upepo huugeuza nje ndani. Kofia ya koti ndiyo kinga ya kweli.

Majira ya joto punguza: suruali nyepesi, fulana, sweta moja jembamba na koti la mvua linalokunjika. Sweta usiliache hata Julai, kwa sababu jioni ya nyuzi 14 yenye upepo inamshtua mtu wa pwani.

Hatua ya 4: Siku ya kutua

Ndege nyingi za usiku kutoka Afrika Mashariki hutua London alfajiri au asubuhi, saa ambayo baridi iko kileleni. Koti, sweta, soksi na mzula viwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku likichelewa, utasubiri basi nje ukiwa na nguo ulizopandia Nairobi. Vaa kabla ya kutoka mlango wa uwanja, maana mwili ukishapoa huchukua muda kurudi. Plagi ni zilezile za pini tatu za mraba tunazotumia Kenya na Tanzania, kwa hiyo adapta si lazima.

Hatua ya 5: Soma utabiri kila asubuhi, kwa saa

Tumia programu au tovuti ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Usiishie kwenye picha ya wingu. Fungua mtiririko wa saa kwa saa na uangalie safu nne: joto, joto linavyohisiwa mwilini, uwezekano wa mvua, na kasi ya upepo ikiwa pamoja na mivumo yake ya ghafla. Vaa kwa kufuata joto linavyohisiwa. Uwezekano wa mvua wa asilimia 40 kwenye saa moja unatosha kubeba koti. Asilimia 80 kwa saa nne mfululizo ni siku ya makumbusho. Utabiri wa siku mbili au tatu mbele una maana. Wa siku ya kumi usinunulie tiketi.

Tahadhari zao zina rangi tatu. Ya njano inakutaka uwe macho na utarajie usumbufu wa hapa na pale. Ya chungwa ni kubadilisha ratiba: treni za juu ya ardhi hupunguzwa mwendo au kufutwa, na mabustani makubwa ya kifalme kama Richmond Park hufungwa upepo ukizidi, kwa hofu ya matawi. Nyekundu ni kubaki ndani. Hutolewa mara chache sana, lakini tarehe 18 Februari 2022, dhoruba Eunice ilipofika na tahadhari hiyo, ilichana paa la ukumbi wa O2.

Theluji ikianguka ikakaa, siku ya hatari ni ya pili. Usiku maji yaliyoyeyuka huganda tena na kuwa utando mwembamba usioonekana kwenye lami. Tembea kwa hatua fupi, unyayo wote ukikanyaga kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Pita barabara kubwa zilizomwagwa chumvi hata kama njia ni ndefu zaidi.

Hatua ya 6: Ndani ya nyumba wakati wa baridi

Nyumba nyingi hupashwa kwa mabamba ya chuma yaliyofungwa ukutani, yanayopitisha maji ya moto. Pembeni mwa kila bamba kuna kitasa chenye namba, kwa kawaida 1 hadi 5, na alama ya theluji. Namba 3 huleta karibu nyuzi 20. Alama ya theluji haileti baridi. Inazuia tu mabomba yasigande. Kama bamba ni la baridi wakati kitasa kiko 3, mtambo mkuu una saa yake na haujawaka. Muulize mwenyeji saa za kuwaka kabla hujaanza kuzungusha kila kitu. Usiweke kitanda wala kochi mbele ya bamba, maana joto litaishia nyuma ya kochi.

Kuanika nguo juu ya bamba kunajaza chumba mvuke. Madirisha hutoa jasho na kuta huota ukungu mweusi. Fungua dirisha dakika kumi asubuhi na kumi baada ya kupika.

Hili halina mjadala: usiwashe jiko la mkaa ndani, hata chumba kikiwa cha baridi kiasi gani. Nyumba za kule zimezibwa upepo usipite, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Inaua watu wakiwa usingizini. Tumia duveti nene na chupa ya mpira ya maji ya moto.

Hatua ya 7: Joto likipanda

Tarehe 19 Julai 2022 uwanja wa Heathrow ulifika nyuzi 40.2. Siku kama hiyo ni nadra, lakini nyuzi 30 hadi 33 hutokea karibu kila mwaka, na zinachosha kuliko 33 za Dar es Salaam kwa sababu nyumba zimejengwa kufungia joto ndani na usiku hakuna upepo wa bahari. Funga mapazia upande wa jua kuanzia asubuhi, fungua madirisha yote usiku. Feni nunua mapema. Wimbi la joto likianza kutangazwa huisha madukani.

Treni za chini ya ardhi hutofautiana sana. Njia za Central, Bakerloo na Victoria hazina kiyoyozi, ziko chini sana, na udongo unaozizunguka umeshahifadhi joto la miaka mingi. Elizabeth, Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City zina kiyoyozi. Siku ya joto ongeza dakika kumi za safari upande zile zenye kiyoyozi, na beba maji. Ya bombani ni salama kunywa.

Hatua ya 8: Ngozi, mafua na dawa

Maji ya London yana chokaa nyingi, na ndani hewa ya joto ni kavu. Ngozi yetu hupauka ndani ya siku mbili. Losheni nyepesi haitoshi. Paka vaselini au siagi ya shea mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, na mafuta ya midomo yakae mfukoni.

Chavua ya miti huanza Machi, na ya nyasi hushika Juni na Julai. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mzio nyumbani anaweza kuanza kupiga chafya na kuwashwa macho akadhani ni mafua. Dawa za setirizini na loratadini huuzwa famasi bila cheti, na mfamasia atakushauri bure. Kwa ushauri wa kitabibu piga 111, kwa dharura 999.

Mwenye seli mundu asiende majira ya baridi bila kuongea na daktari wake. Baridi, na kupungukiwa maji kwa sababu mtu hahisi kiu, vyote viwili huchochea maumivu. Avae mapema, anywe maji kwa ratiba, na abebe dawa zake kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari.

Anayekaa miezi, mathalani mwanafunzi, aanze vitamini D mara akifika. Huduma ya afya ya Uingereza inashauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi kwa watu wote, na mwaka mzima kwa wenye asili ya Kiafrika, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Vidonge hivyo viko kwenye supamaketi yoyote, rafu ya vitamini.